Kabla hujamwita mtoto Furaha

Mimi ni fundi wa cherehani pale Nyawera, Bukavu, mashariki ya Kongo, na kazi inayonilisha kuliko zote ni kudarizi majina kwenye mablanketi na mbeleko za watoto wachanga. Wazazi wanaleta kitambaa, wanaleta jina, na mara nyingi wanaleta na ugomvi wa jina lenyewe, wanakuja kuumalizia mezani kwangu. Siku hizi naona majina ya koko zetu, yaani bibi na babu, yanarudi: Furaha, Faida, Feza, Mapendo, Heri, Raha. Akina Nadège na Clarisse wanataka watoto wao waitwe kama bibi zao. Sina la kupinga. Mtoto wangu wa kwanza ni Furaha, na kwartie nzima inaniita Mama Furaha.

Lakini jina ambalo pia ni neno la kila siku halichaguliwi kama Plamedi au Glodi. Plamedi haina kazi nyingine. Tangu watu wafupishe plan merveilleux de Dieu, mpango wa ajabu wa Mungu, hilo ni jina tu, hakuna anayekwenda sokoni kutafuta plamedi. Furaha ina shughuli zake mdomoni mwa watu kutwa nzima, na mtoto wako atagawana nayo. Hivi ndivyo ninavyowaelekeza wanaoniuliza, na hata wasioniuliza.

Anza na wazee

Kabla ya yote, kaa na mtu mzima wa upande wa baba na mwingine wa upande wa mama, uulize: huko nyuma nani aliitwa hivi? Usishangae ukitajiwa watatu. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo ya kigeni. Yeye mwenyewe akatupa Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, akapinga, na ubishi ule ukamfikisha uhamishoni Roma. (Nacheka kila nikikumbuka kwamba hata Désiré ni jina la aina hii hii tunayoizungumzia: mtoto aliyetamaniwa.) Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kubishana na serikali. Wakubwa wetu walikuwa wameandikwa kwa majina ya watakatifu. Sisi tuliofuata tukaandikwa kwa jina la Kishi, lugha ya Washi wa huku kwetu, na la Kiswahili, basi. Mtakatifu alibaki kanisani na kinywani mwa mama, akiwa na hasira. Ndiyo maana ukimtafuta Faida au Mapendo leo, wengi utakaowakuta wana wajukuu.

Kumpa mtoto jina la mtu ni kumpa na cheo chake. Kuna baba mmoja wa Kadutu alimwita binti yake Faida kwa sababu ya mama yake mzazi. Alikuja kuchukua blanketi akiwa amembeba mtoto, nikamsikia anamwambia, "Mama, tuende, jua kali." Mtoto hajaota hata jino. Nyumbani kwao, wajomba wanamsalimia kama mkubwa, na akilia usiku wanasema koko amekasirika. Ni jambo tamu, lakini kuna mkwe mmoja alininong'oneza kwamba anashindwa kumkaripia mtoto mwenye jina la mama mkwe wake. Kama na wewe mdomo wako utakuwa mzito kusema "Faida, wewe mjinga," mbele ya mumeo, fikiri mapema. Njia ya kati ipo: jina la koko liwekwe la pili, la kwanza liwe la mtoto mwenyewe.

Waulize wazee pia kama somo huyo aliishi vizuri na watu. Waliomkumbuka kwa madeni watamkumbusha mtoto.

Mimi sidarizi jina kabla mtoto hajazaliwa. Wengine wanafikiri ni mwiko. Ni hesabu tu: koko akishuka kutoka Kabare au Walungu kuja kumwona mzazi, jina linabadilika, na kufumua uzi wa hariri kwenye blanketi la manyoya ni kazi ya kulia.

Lijaribu kwenye maneno mabaya

Watu wanalijaribu jina kwenye maneno mazuri. "Furaha, mtoto wangu." "Furaha yetu imefika." Hapo kila jina linapita. Nyie kaeni jioni wawili, mlitie kwenye maneno ambayo maisha yatayaleta bila kuwauliza. Furaha amefukuzwa shuleni kwa ajili ya minerval, karo ya shule. Faida ameniibia. Amani amempiga Baraka na jiwe. Heri ana malaria. Neema amekimbia na mwanaume. Semeni kwa sauti, msione haya. Kuna majina ambayo yakiingia humo yanageuka mzaha, na kuna yanayobaki majina.

Kwa masikio yangu Furaha inapita. Imeitwa kwa watu wengi mno, kwa muda mrefu mno, hata anayesikia "Furaha analia" hacheki tena. Anauliza amefanya nini. Hapo ndipo lilipo zuri la jina la zamani. Ukibuni leo neno jipya la kuchangamsha, useme mtoto ataitwa Kicheko au Shangwe, mtoto atabeba peke yake mizaha ambayo akina Furaha wa kwanza walishaimaliza kwa niaba ya wote.

Neema na Zawadi zinapita bila shida. Faida inapita, ila iwe ndani ya familia inayojua kucheka, kwa kuwa watoto wa jirani watamwita Hasara kabla hajamaliza darasa la kwanza. Wauza samaki na unga, kwa upande wao, wanalipenda jina hilo kupita kiasi. Nina mteja anayesema binti yake Faida akikaa mezani asubuhi, mali inatoka. Feza ni zuri kulisikia, lakini jiandae na "Feza imeisha." Raha silipendekezi kwa msichana. Bibi zetu waliitwa hivyo kwa heshima zote, lakini vijana wa leo wa pale Feu Rouge wanalijua neno raha kwa bia na muziki, na hawatamwacha apite. Kama unalipenda sana, liwe jina la nyumbani.

Kuna na mchezo mwingine. Kiswahili cha vitabu kinakuokoa: furaha imepotea ni moyo, Furaha amepotea ni mtoto, mkamtafute. Lakini sisi wa Bukavu tunasema "iko" kwa kila kitu, mtu na sufuria. Jirani yangu aligongewa mlango na wasichana wa shule: "Furaha iko?" Mwenye nyumba alikuwa ametoka kudai kodi dakika hiyo hiyo. Jirani akawajibu, "Haiko. Tangu mwezi uanze haiko." Wasichana wakarudi kwao, na binti alikuwa chumbani anawasubiri.

Jaribio la mwisho ni la mlima. Mji wetu umepanda na kushuka. Mama yuko juu, mtoto yuko chini kwenye bomba. Toka nje, kama unakaa Cimpunda au Nyamugo ndiyo vizuri zaidi, uliite. "Furahaaa, kuya!" Ile a ya mwisho unaivuta mpaka pumzi iishe, na inafika. Zawadi na Riziki zinakatika njiani. Akina mama wenye watoto hao wanaishia kuongeza "weee" mbele. Heri ni jina zuri sana la mvulana lakini kwa mbali linapotea kabisa. Hili si la kumfanya mtu aache jina analolipenda. Ila ujue koo lako litafanya kazi gani.

Jina hilo ni lako pia

Kama huyo ni mtoto wa kwanza, hapa ndipo pa kutulia. Siku anapopewa jina, wewe unapoteza lako. Sokoni, kanisani, kwenye likilimba (kile chama cha kuchangiana pesa kwa zamu), msibani, utaitwa Mama Fulani hadi uzeeni, na mumeo Baba Fulani. Wapo watu ninaowashonea tangu ujana na jina lao la kuzaliwa silijui.

Mimi kuitwa Mama Furaha kumenifaa kwenye biashara. Mteja anaingia akiwa amekasirika kwa kuchelewa kwa kazi, lakini lazima aanze kwa kusema "Mama Furaha," na hasira inapungua kidogo kabla ya sentensi kufika mwisho. Kinyume chake, siku nimefiwa, watu walikuwa wananipa pole kwa jina hilo hilo, na lilikuwa zito. Fikirieni wote wawili, baba na mama: mnataka kuitwa nini mkiwa na shida? Kuna mzee wa avenue yetu aliyekataa kabisa mtoto wa kwanza asiitwe Bahati. Alikuwa mcheza karata, na alijua wenzake watasema nini siku atakayoshindwa.

Kwa watoto wanaofuata, usimpime mmoja kwa mwingine. Furaha akifuatwa na Amani au Zawadi, hakuna neno. Lakini nimeletewa mablanketi ya pacha, Furaha na Vumilia. Sikunyamaza. Yule wa pili atauliza siku moja anavumilia nini, na jibu litakuwa dada yake.

Msichana au mvulana?

Huku kwetu ukisema Furaha watu wanamngojea msichana, ingawa wanaume wanaoitwa hivyo wapo na wanaishi. Kwa mvulana kuna Furahisha, Heri, Baraka, Shukuru, Aksanti. Bahati, Riziki na Faraja zinakubali wote. Mugisho na Murhula, kwa wanaotaka baraka au amani kwa Kishi, zinaishi vizuri karibu na jina la Kiswahili. Mwinja, mzuri, ni la msichana.

Herufi

Hapa naongea kama fundi. Shule zetu zinasoma kwa Kifaransa, na macho yaliyozoea Kifaransa yakiona Faida yanasoma Feda. Ndiyo sababu wengi wanaandika Faïda, na nukta mbili juu ya i. Nukta hizo mimi nazifunga kwa fundo la uzi, moja moja, kwa sindano ya mkono; ukizipitisha kwa mashine zinakuwa mstari mdogo, na baada ya kufuliwa kwa nguvu wiki chache zinakatika, mtoto anabaki na Faida ya kusomwa Feda. Neema nayo wanaiandika Néema ili isiwe Nema. Heri, Mfaransa anameza h, inakuwa Eri, na nimeona karatasi ya mtoto iliyoandikwa hivyo hivyo, Eri, kwa sababu aliyeandika alifuata sikio lake.

Furaha ina hatari mbili, ile u ya kubana midomo na ile h ya kumezwa. Niliwahi kuletewa Fouraha, kwa nia njema kabisa. Ushauri wangu ni kuiacha kama ilivyo. Mwalimu wa Bukavu amekua na akina Furaha, hawezi kukosea. Anayekosea ni wa mbali, na huyo mtoto atamsahihisha. Alama za juu ya herufi pia zina mwisho wake: ile mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti inachukua herufi A hadi Z tu, nukta na mikato haviingii. Aksanti iandikwe Aksanti. Asante ni ya watu wa pwani, na hapa hakuna atakayemwita hivyo.

Ukiandika, chagua umbo moja, ulitumie kila mahali: kliniki, kanisani, shuleni, komini, yaani ofisi ya serikali inayoandika vizazi. Blanketi nitalifuata mimi.

Kanisani

Wengi wanaogopa kwamba padri atakataa kumbatiza Furaha bila mtakatifu. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 855, inasema tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristo. Furaha si geni kwa Wakristo. Hata hivyo parokia nyingi zina mazoea yao, na wazazi wengi wenyewe wanataka mtakatifu. Sawa. Wapo watakatifu ambao majina yao yana uchangamfu ule ule. Félicité aliuawa Karthago mwaka 203 pamoja na Perpétue, na alijifungua gerezani siku chache kabla ya kufa; wanakumbukwa tarehe 7 Machi. Hilaire wa Poitiers, tarehe 13 Januari, jina lake Kilatini ni mtu mchangamfu. Laetitia ni furaha yenyewe.

Sasa, Furaha Laetitia ni kumwambia mtu jambo moja mara mbili. Ukiongeza Mwinja katikati, mtoto amejaa sukari. Mimi napenda jina tamu liwe karibu na jina kavu: Furaha Marie, Faida Anne, Heri Paul. Wenzetu wa makanisa mengine, ambao hawana haja ya mtakatifu, wanamchukua Isaac, na wamechagua vizuri. Sara alicheka, na mtoto akaitwa kwa kicheko hicho.

Mtoto akizaliwa kwenye kilio

Hili linanitokea kuliko ninavyotaka. Familia imekimbia, au imezika, na mtoto anazaliwa katikati. Nimedarizi Mateso, Masumbuko, Machozi, Shida. Sijawahi kumkatalia mtu. Ni njia ya zamani ya kuandika yaliyowapata, nao waliobeba majina hayo wengine ni watu wa kucheka kuliko sisi sote. Lakini siku hizi anayeniletea Mateso, ndugu zake mara nyingi wanamfuata nyuma na Furaha, wakidhani jina la kuchangamka litafunika kaburi. Hapo nawaambia wasikimbilie upande wowote.

Furaha kwa mtoto aliyezaliwa wiki ya mazishi, kila anayelisikia atauliza, na mama atalazimika kueleza. Kuna majina ya kuchangamka yanayojua kwamba watu walilia: Faraja, Tumaini, Shukuru. Haya yanakaa vizuri kwenye nyumba yenye msiba, na miaka ikipita hayahitaji maelezo. Raheli, roho inamtoka, alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wake. Yakobo akambadilishia, akawa Benyamini. Wahubiri wanaipenda habari hiyo, wanaitumia kuwaambia akina Mateso wabadilishe majina. Mimi naona jambo dogo zaidi: Yakobo alibadilisha mapema, mtoto akiwa bado mchanga. Ukingoja mtu awe na ndevu na diploma, ni mahakama.

Kwa hiyo pumzikeni kwanza. Mwiteni bebe, mwiteni koko, mwiteni chochote. Muda upo, na una kipimo chake.

Komini

Sheria ya familia ya Kongo ni ya 1987, ikarekebishwa 2016. Kuhusu jina inataka litoke katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na lisiwe la matusi, la kudhalilisha wala la uchokozi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Furaha na wenzake hawana kesi. Kuzaliwa kutangazwe ndani ya siku 90. Zikipita, karatasi haiandikwi tena kwa maneno yako tu. Utatafuta hukumu ya mahakama, ile inayoitwa jugement supplétif, na hiyo ni safari na gharama. Baada ya kuandikwa, sheria hairuhusu kubadilisha jina, wala herufi zake, wala mpangilio wake, isipokuwa mahakama ikubali kwa sababu ya haki.

Nenda na jina limeandikwa kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, moja moja, nukta zikiwepo kama unazitaka. Usilitamke tu, pale ndani kuna kelele, na Heri inageuka Eri. Onyesha lipi ni nom, lipi post-nom, lipi prénom (yaani la kwanza, la pili na la mwisho), kwa sababu shuleni na kwenye kadi ya mpiga kura watafuata mpangilio huo huo. Wengi wetu tunaweka jina la Kiswahili la kwanza, la ukoo la pili, la kanisa la mwisho, lakini kila nyumba na desturi yake. Karatasi ikitoka, soma kabla ya kutia sahihi. Soma na tarehe. Ukikuta kosa lisahihishwe ukiwa umesimama pale, hata kama mstari nyuma yako unanung'unika.

Halafu piga fotokopi, uje nayo Nyawera pamoja na blanketi. Leta la pamba kama unaweza. La manyoya linameza herufi.